Ikulu: Kutoka Kwikuru hadi Chamwino

Ikulu ya Dar es Salaam imejengwa pale ufuo wa Kivukoni unapopinda kuelekea Bahari ya Hindi, kati ya kivuko cha Kigamboni na Hospitali ya Ocean Road. Ni jengo jeupe lenye matao na baraza pana, limezungukwa na bustani ya miti mikubwa ambamo tausi hutembea watakavyo. Wakazi wa jiji hupaita pale Magogoni, na magazeti yamelizoea jina hilo kiasi kwamba yakiandika "mbio za Magogoni" kila msomaji anajua ni urais unaogombewa. Tangu miaka ya 1890 kiwanja hicho kimekaliwa na magavana wa Kijerumani, magavana wa Kiingereza na marais wa Tanzania. Bendera zilishuka na nyingine zikapanda, jumba la kwanza likabomolewa kwa mizinga, lakini kila dola iliyofika iliona lazima ikae palepale. Ilipofika zamu ya kuhama, zaidi ya karne moja baadaye, jengo jipya la Dodoma lilichorwa lifanane na lile la pwani.

Neno lenyewe lilitoka bara. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ikulu, au ikuru, ni makazi ya mtemi. Ndani ya uzio wake waliishi wake zake, watumishi na walinzi. Humo zilitunzwa ngoma na alama nyingine za utemi, na humo wazee walikaa kusikiliza mashauri. Wageni wa msafara waliotaka kupita, kununua chakula au kukodi wapagazi walianzia hapo kutoa salamu na hongo. Hata hivyo makazi hayo yalifungamana na mtu zaidi ya mahali. Mtemi alipofariki, mrithi wake mara nyingi alijenga kwingine, na kijiji kikubwa cha jana kikabaki mahame. Utawala ulihama na mwenye utawala.

Ikulu mashuhuri kuliko zote katika karne ya 19 ilikuwa ya Unyanyembe, karibu na Tabora, mahali ambapo hadi leo panaitwa Kwikuru. Mtemi Isike aliizungushia kuta nene za udongo na kuijaza bunduki na baruti, kwa kuwa Tabora ilikuwa njiapanda ya biashara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji, Buganda na Katanga, na kila aliyetaka faida ya njia ile alimtazama yeye. Wajerumani walipotaka kuishika njia hiyo waliona hawawezi kuitawala Tabora huku ngome ile ikiwa imesimama. Januari 1893, baada ya mashambulizi kadhaa kushindwa, kikosi cha Tom von Prince kiliingia. Isike aliwasha moto ghala lake la baruti, akajilipua pamoja na watu wa nyumba yake. Mwaka uliofuata, Oktoba 1894, ikawa zamu ya Kalenga, ngome ya mawe ya Mkwawa wa Wahehe, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameliangamiza jeshi la Kijerumani kule Lugalo. Katika vita hivi vyote viwili shabaha ilikuwa nyumba ya mtawala. Wakoloni walielewa vizuri sana kwamba watu wa Unyanyembe na Uhehe wangeendelea kumtii mwenye nyumba ile kwa muda wote ambao kuta zake zilikuwa zimesimama.

Pwani, desturi ya majumba ya utawala ilikuwa na sura nyingine. Masultani wa Zanzibar walijenga kasri zao ufuoni, zikitazama bandari, ili nahodha yeyote anayetia nanga ajue yuko kwenye milki ya nani. Sultani Majid bin Said alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na katika majengo ya mwanzo kabisa aliweka jumba lake mwenyewe, mbele ya bandari. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuutaka mji ule. Alirudisha nguvu zote Unguja, ambako mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib, jumba la sherehe ambalo mnara na nguzo zake zilionekana mbali baharini. Jumba la Majid halipo tena. Linalobaki la enzi yake ni Boma la Kale, lililo karibu na bandari, lenye kuta za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi.

Agosti 27, 1896, Unguja ilionyeshwa nini maana ya kasri kuwa alama ya serikali. Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kasri baada ya kifo cha Sultani Hamad bila idhini ya Waingereza, na kwake yeye, kama kwa wafuasi wake, kukaa ndani ya kasri kulikuwa ndiko kutawala. Manowari za Kiingereza zikafyatua mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm na majengo ya jirani yakaanguka, mamia ya watu wakafa, na Sultani mwingine akawekwa siku ileile. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akavushwa kwa meli ya Kijerumani hadi Dar es Salaam, akaishi huko chini ya ulinzi wa wenyeji wake hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipomtia mikononi mwa Waingereza.

Mji aliofikia ulikuwa umeshakuwa makao makuu ya koloni. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilihamisha ofisi zake kutoka Bagamoyo, ambako maji ya ufuoni ni ya kina kifupi na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali, ikazileta Dar es Salaam, penye bandari iliyojificha na yenye kina. Katika miaka iliyofuata jumba la gavana lilijengwa kwenye ncha ya mashariki ya mji. Kiwanja hakikuchaguliwa kwa bahati. Kilipata upepo wa bahari, jambo kubwa kwa Wazungu wa enzi ile walioamini kuwa hewa ya joto iliyotuama ndiyo mama wa maradhi. Kililinda mlango wa bandari. Na kilikuwa mbali na mitaa ya Waafrika, katika upande ambao baadaye uliitwa Uzunguni, wenye barabara pana, hospitali, bustani ya mimea na nyumba za maofisa. Aliyetoka vijiji vya nyuma ya mji kwenda huko alipita kwanza maduka ya Wahindi, kisha ofisi za serikali, na kwa gavana hakufika kamwe ila kama mtumishi, askari au mtuhumiwa.

Kutoka jumba hilo zilitolewa amri zilizobadili maisha ya mamilioni ya watu. Gavana Eduard von Liebert alianzisha kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na ikawalazimisha wakulima kutafuta fedha au kulipa kwa jasho. Gavana Adolf von Götzen alikuwa ndani ya jumba hilo vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905 kutokana na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na ni chini yake ambapo mashamba na maghala ya kusini yalichomwa ili njaa ikamilishe kazi ya bunduki. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufika hata 300,000. Historia ya jumba hili ikisimuliwa kwa matao na bustani peke yake inakuwa nusu ya ukweli. Watu wa Kilwa, Songea na Liwale walilijua jumba la gavana kwa njaa, ingawa wengi wao hawakuliona.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka kuiokoa Dar es Salaam kwa kuifanya mji usiotetewa, na serikali yake ikaondoka ufuoni kwenda Morogoro kwa reli. Mapatano ya awali na Waingereza hayakudumu. Novemba 28, 1914, meli za Goliath na Fox zilifika kuharibu vyombo vya Kijerumani bandarini. Mashua zilizotumwa ndani zilipopigwa risasi, manowari zikaelekeza mizinga mjini. Jumba la gavana, lililoonekana wazi kutoka baharini kama lilivyokusudiwa, likawa shabaha rahisi, likabaki magofu. Septemba 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia mjini, na Schnee hakurudi tena kwenye nyumba yake.

Washindi walikuwa na njia mbili. Sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na mkuu wa majeshi aliyeivunja nguvu pwani katika vita vya Abushiri, waliiondoa mjini, na mahali pake mwaka 1927 wakasimamisha Sanamu ya Askari. Kwa jumba la gavana walifanya kinyume. Walijenga upya juu ya mabaki yaleyale, na jengo jipya likawa tayari mwaka 1922, wakati Sir Horace Byatt akiwa gavana. Ni mwaka huohuo ambao Shirikisho la Mataifa lilithibitisha kwamba Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza, ilikuwa dhamana tu mikononi mwake. Jengo halikusema hivyo. Lilijengwa kama nyumba ya mtu asiyefikiria kuondoka, na hapo ndipo tofauti kati ya maandishi ya Geneva na mwenendo wa Dar es Salaam ilipoonekana kwa macho.

Aliyechora ni John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi na kusanifu Mahakama Kuu ya huko, na baada ya hapo Makumbusho ya Amani yenye kuba. Sinclair alipenda matao ya Kiarabu, kuta nyeupe na kingo za dari zilizochongwa meno, na alivileta vyote Magogoni. Wajerumani walikuwa wamejenga jumba lililosema wazi kwamba limetoka Ulaya. Waingereza waliuvika utawala wao kanzu ya pwani. Mtu anayelitazama leo bila kujua historia yake anaweza kudhani ni kasri la sultani fulani. Baraza pana zenye kivuli, vijia vilivyoezekwa na vyumba vinavyopitisha upepo ni usanifu mzuri kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, na sifa hiyo Sinclair anaistahili. Lakini uamuzi wa kuazima sura ya wenyeji ulikuwa pia wa kisiasa: ulifanya utawala wa kigeni uonekane kama mwendelezo wa tawala zilizokuwapo. Miaka michache baadaye Gavana Donald Cameron alifanya jambo lilelile kwa sheria, alipowatumia machifu kama mikono ya serikali katika mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja.

Chini ya Waingereza nyumba hii ilikuwa chemchemi ya mamlaka kwa maana halisi. Gavana alitunga sheria kwa jina la mfalme, na hata Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Spika wa kwanza aliteuliwa mwaka 1953 tu. Sir Edward Twining, gavana kuanzia 1949 hadi 1958, aliupenda mno ufahari wa cheo. Mtu huyu aliandika hata kitabu kizima juu ya vito vya taji za wafalme wa Ulaya, na magwaride na kofia zake za manyoya yalikumbukwa muda mrefu baada ya kuondoka. Wakati wake huohuo, mwendo mfupi kutoka hapo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU, chama cha kudai uhuru kilichoundwa Julai 7, 1954, kilikuwa na ofisi yake ndogo. Kati ya ofisi ile na nyumba ya gavana palikuwa na uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wakoloni waliuacha wazi ili kutenganisha mitaa ya Waafrika na mingine. TANU iliufanya uwanja uleule wa kutenganisha watu kuwa mahali pa kuwakutanisha.

Sir Richard Turnbull alipofika mwaka 1958 alikuta Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, anakabiliwa na kesi ya kuwakashifu maofisa wa serikali. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 na kulipa. Turnbull, aliyetokea Kenya na kuijua gharama ya vita vya Mau Mau, aliona ni busara kuongea na kiongozi huyu kuliko kumfunga. Mazungumzo yao yalikuwa sehemu kubwa ya sababu ya Tanganyika kupata uhuru bila kumwaga damu.

Uhuru wa Desemba 9, 1961 haukumfanya Nyerere mwenye nyumba. Kwa mwaka mzima Tanganyika ilibaki na Malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, na Turnbull alibadilishiwa cheo tu akawa Gavana Jenerali, akaendelea kukaa palepale. Waziri Mkuu aliongoza serikali, kwanza Nyerere, na kuanzia Januari 1962 Rashidi Kawawa. Mambo yalikuwa yametenganishwa: heshima ya dola upande mmoja, kazi ya kutawala upande mwingine. Tanganyika ilipokuwa jamhuri Desemba 9, 1962 mambo hayo mawili yaliunganishwa kwa mtu mmoja, Rais mtendaji, na kwa nyumba moja. Nyumba ile ikachukua jina la makazi ya mtemi. Jina hilo lilileta pia picha ya mtawala anayesikiliza mashauri, na lilikubalika haraka hata likavuka mipaka. Leo mtangazaji wa Nairobi akisoma habari kwa Kiswahili husema "Ikulu" bila kufikiria Unyanyembe.

Nyumba ilijaribiwa mapema. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini na kufika hadi Ikulu. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Rais Nyerere na Kawawa walikuwa wameshaondolewa kwa siri na kuvushwa ng'ambo ya Kigamboni, na waasi walizungumza na waziri Oscar Kambona. Siku hizo chache zilionyesha kwamba kuizingira Ikulu si sawa na kuishika serikali, maana waasi waliifikia nyumba na bado hawakuwa na la kufanya nayo. Zilionyesha pia udhaifu uliomuumiza Nyerere sana: Januari 25 ilibidi makomando wa Kiingereza washuke kutoka meli ya Centaur kuwanyang'anya waasi silaha. Jeshi la zamani likavunjwa, Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba 1964, na kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, uwanja wa ushindi wa Mkwawa.

Tukio la Oktoba 22, 1966 linasimuliwa kwa uchache kuliko uasi ule, ingawa matokeo yake yalikuwa makubwa. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga sheria ya kulitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambayo ingewakata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Walifikishwa Ikulu, wakasoma risala yao mbele ya Rais na mawaziri. Nyerere aliwajibu kwa hasira kali, na katika hasira hiyo akakubali hoja moja yao: kwamba viongozi wanalipwa mno. Akatangaza palepale kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Miezi mitatu na kidogo baadaye likaja Azimio la Arusha, likiwa na miiko ya viongozi. Ni vigumu kusoma miiko ile bila kuisikia sauti ya mchana ule bustanini.

Nyerere aliishi Ikulu kwa muda, kisha akahamia nyumba yake ya Msasani, aliyoijenga kwa mkopo wa benki, akawa anakuja Magogoni kazini na kurudi nyumbani jioni. Katika historia yote ya mahali hapa hakuna hatua iliyobadili maana yake kuliko hiyo. Kwa mtemi, kwa sultani na kwa gavana, kulala ndani ya nyumba ya utawala na kutawala vilikuwa kitu kimoja. Nyerere alivitenganisha. Ikulu ikawa ofisi ya umma ambayo Rais huingia kwa dhamana na kuiacha, na Msasani pakawa kwa mtu anayeitwa Mwalimu, ambaye wazee na wananchi wa kawaida walifika kumweleza shida zao. Alipong'atuka mwaka 1985 hakuwa na nyumba ya kuhama. Alimwachia Ali Hassan Mwinyi funguo za ofisi. Hilo halikuwa jambo dogo katika bara ambalo wengi wa viongozi wa kizazi chake waliondolewa majumbani mwao kwa bunduki.

Maana hiyo ya Ikulu ndiyo Nyerere aliyoitetea mwaka 1995, nchi ilipokuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya enzi ya chama kimoja. Katika hotuba zake alisisitiza kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, na akahoji hadharani watu wanaotumia fedha nyingi kuitafuta wanakwenda kufanya biashara gani humo, na fedha hizo watazirudishaje. Maneno yale yameingia katika lugha ya siasa ya Tanzania. Kila msimu wa uchaguzi hurudiwa na wanasiasa wa kila upande, na wananchi huyatumia kama kipimo cha mgombea. Jengo lililojengwa ili kuwatisha wenyeji lilikuwa limegeuka kiasi kwamba mwenyeji aliweza kudai kuwa wanasiasa wanalichafua.

Kazi za kila siku za Ikulu ni za kiofisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Baraza la Mawaziri hukutana huko. Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye ndiye katibu wa baraza hilo na mkuu wa utumishi wa umma, anafanyia kazi huko. Mawaziri, majaji na wakuu wa mikoa huapishwa huko, na mabalozi wa nchi za nje hupeleka hati zao za utambulisho. Taarifa za uteuzi na utenguzi hutoka huko jioni, na maofisa wengi serikalini huzisubiri kwa wasiwasi. Wageni wakubwa wamepokewa humo: viongozi wa vyama vya ukombozi vya Msumbiji, Angola na Afrika Kusini wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU; George W. Bush Februari 2008; Barack Obama Julai 2013, ziara iliyofanya barabara ya ufuoni mbele ya Ikulu ipewe jina lake. Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kutangazwa kifo cha Rais John Magufuli, Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam, akawa mwanamke wa kwanza kuingia humo kama Rais.

Jamhuri ya Muungano ina Ikulu nyingine, ya Rais wa Zanzibar, na historia yake inakwenda sambamba na ya Magogoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 kasri la sultani la ufuoni liligeuzwa kuwa Jumba la Wananchi, na baadaye makumbusho. Serikali ya Mapinduzi ilichukua nyumba iliyokuwa ya Mkazi wa Kiingereza, nayo pia ni kazi ya Sinclair, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo viongozi wawili waliotia saini Hati za Muungano Aprili 1964, Nyerere na Abeid Karume, walikuwa wamerithi nyumba zilizochorwa na mkono mmoja.

Wazo la kuondoka pwani lilipata nguvu mwaka 1973, TANU ilipoamua, baada ya kuuliza matawi yake, kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Sababu zilikuwa za kijiografia na za kiitikadi. Dodoma iko katikati ya nchi na penye makutano ya njia, na mji wa bandari uliojengwa ili kusafirisha mali nje haukuonekana kufaa kuongoza taifa la wakulima. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka huohuo. Miaka kumi iliyopangwa ilipita bila kuhama: bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na wizara hazikuwa na hamu ya kuiacha bahari. Chama kilitangulia, Bunge likafuata katika miaka ya 1990. Ikulu ilibaki Magogoni, na kwa wananchi wengi hiyo ilitosha kuonyesha makao makuu ya kweli yako wapi.

Chamwino, kilomita zipatazo 30 mashariki ya mji wa Dodoma, ilikuwa na nafasi yake katika wazo hili tangu mwanzo. Ni kijiji cha ujamaa ambako Nyerere alipiga kambi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji, katika kampeni ya kuwahamishia Wagogo kwenye vijiji vya pamoja. Nyumba ya Rais iliyojengwa huko ilikuwa ya kawaida kabisa, na kwa miongo mingi ilitumika kama Ikulu ndogo, sawa na zile zilizo mikoani ambamo Rais hufikia akiwa ziarani. Kuijenga nchi kutoka kijijini ndiyo iliyokuwa imani ya wakati ule, na Chamwino iliibeba imani hiyo kwa unyenyekevu wa jengo lake.

Rais Magufuli aliamua kumaliza jambo hili. Julai 25, 2016, katika Siku ya Mashujaa, alitangaza Dodoma kwamba serikali itahamia huko kabla ya muhula wake kwisha. Mwaka 2017 aliivunja CDA, mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji na hadhi yake kama makao makuu ikawekwa katika sheria, na Oktoba 2019 yeye mwenyewe akahamia Chamwino. Mei 2020 aliweka jiwe la msingi la Ikulu mpya mbele ya marais wastaafu, na katika sherehe hizo aliwagawia tausi kutoka kundi la Ikulu. Ujenzi ulifanywa na SUMA JKT, shirika la jeshi la kujenga taifa, kwa mafundi wa Kitanzania. Rais Samia alizindua jengo hilo Mei 20, 2023.

Sura yake inastahili kutazamwa kwa makini. Wajenzi walikuwa huru kabisa: ardhi tupu ya nyika, fedha za ndani, miaka 60 ya uhuru nyuma yao. Wangeweza kutafuta umbo kutoka tembe la Kigogo, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa inayoendana na ukame wa Dodoma, au kuanza na kitu kipya. Walichagua matao, kuta nyeupe na kingo za meno za Magogoni. Mtu anaweza kusikitika kwamba mchoro wa ofisa wa Kiingereza wa mwaka 1922, ulioazima sura ya Waarabu wa pwani, ndio ulioonekana kuwa wa Kitanzania kupita yote. Lakini chaguo hilo lina hoja yake. Kwa watu waliozaliwa baada ya uhuru, jengo lile halimkumbushi yeyote Byatt wala Twining. Wamelijua kwa Nyerere, kwa viapo vya mawaziri, kwa picha za taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Serikali iliyotaka kuwahakikishia wananchi kwamba kilichohama ni mamlaka yenyewe, wala si ofisi chache, ilihama na sura waliyoitambua.

Ikulu ya Dar es Salaam haikufungwa. Jiji lile bado lina bandari kubwa, balozi nyingi na biashara kubwa kuliko kwingine kote nchini, na wageni wa mataifa mengi bado hupokewa pale. Wizara nazo zimejengewa Mji wa Serikali huko Mtumba, kati ya Dodoma na Chamwino, na vikao vya Baraza la Mawaziri hufanyika pande zote mbili kufuatana na ratiba ya Rais. Taarifa kwa vyombo vya habari zinaendelea kutolewa kutoka nyumba zote mbili, na chini ya kila moja huandikwa mahali ilipotolewa: mara Dar es Salaam, mara Chamwino, Dodoma.